Sura ya Saba: Mtoto Mlangoni

Basi la shule la rangi ya njano linasimama mbele ya nyumba moja huko Pasadena, California. Ndani ya nyumba hiyo sebule imekwisha haribika: meza ya kioo imesagika, picha zimedondoka ukutani, na wanawake wawili wanatazamana wakihema, kila mmoja na kisu mkononi. Kupitia dirisha kubwa la mbele wanamwona mtoto akishuka kwenye basi na mkoba wake. Hawaambiani neno. Visu vinafichwa nyuma ya migongo, mlango unafunguka, na Nikki anasimama kizingitini akitazama vioo vilivyotapakaa sakafuni. Mama yake anamwambia mbwa ndiye aliyefanya fujo yote ile.

Mgeni anamuuliza mtoto umri wake. Mtoto anaonyesha vidole vinne. Mgeni anasema naye alikuwa na binti, na kama angekuwepo, leo angekuwa na miaka kama hiyo.

Muda mfupi baadaye mama yake Nikki amelala jikoni, amekufa, nafaka za kifungua kinywa zimemwagika kila upande. Alikuwa ameficha bastola ndani ya boksi la nafaka hizo. Alifyatua, akakosa, na kisu cha mgeni hakikukosa. Mgeni anageuka na kumkuta Nikki amesimama mlangoni. Anamwambia, kwa sauti ya utulivu kabisa, kwamba hakukusudia jambo hili litokee mbele yake, lakini mama yake alistahili. Na kwamba akishakua, kama moyo wake bado unauma, ajue atakuwa anangojwa.

Nimeitazama Kill Bill mara nyingi, na kila mara nikifika hapo huwa nasimamisha filamu kidogo. Watu wengi huikumbuka filamu hii ya Quentin Tarantino kwa suti ya njano, kwa panga za Kijapani na kwa damu inayoruka kama maji ya bomba lililopasuka. Mimi huikumbuka kwa mtoto yule mlangoni. Naamini yeye ndiye ufunguo wa filamu nzima, na aliyeiongoza aliuweka ufunguo huo mwanzoni kabisa, mahali ambapo ni rahisi mno kuupita.

Kwa asiyeijua, kisa chenyewe ni hiki. Mwanamke mmoja, aliyeigizwa na Uma Thurman, alikuwa muuaji wa kukodiwa katika kikosi cha siri kilichoongozwa na mtu aitwaye Bill. Akagundua ana mimba ya Bill. Akatoroka, akabadilisha jina, akapata mchumba mwenye duka la sahani za santuri huko El Paso, Texas. Siku wanafanya mazoezi ya harusi katika kanisa dogo la jangwani, Bill na wenzake wanne wakaingia wakaua wote waliokuwemo. Yeye alipigwa risasi ya kichwa akiwa na gauni jeupe na tumbo kubwa. Hakufa. Alilala bila fahamu hospitalini kwa miaka minne, na alipozinduka, tumbo lilikuwa tupu. Akaandika orodha ya majina matano.

Sehemu ya kwanza ilitoka Oktoba 2003, ya pili Aprili 2004. Ukiziunganisha zinapita saa nne. Kwa sehemu kubwa ya muda huo hatujui hata jina la huyu mwanamke: kila likitamkwa, sauti inazibwa. Tunamjua kama Bibi Harusi.

Waliokulia kwenye mabanda ya video ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi waliijua kanuni ya filamu za ngumi kabla hawajajua kusoma maandishi yaliyopita chini ya picha. Steringi hafi. Adui mkuu ndiye wa mwisho kufa. Na mara nyingi sana filamu huanza na mtoto: majambazi wamevamia kijiji, baba anakatwa upanga, mtoto anachungulia kutoka kwenye pipa la mchele au chini ya kitanda, ameshikilia pumzi. Picha inayofuata, mtoto yule ni kijana, yuko mlimani kwa mzee mwenye ndevu nyeupe, anabeba ndoo za maji. Hakuna aliyehitaji kuelezwa nini kitafuata. Ukishamwona mtoto aliyeona, umeshamjua steringi.

Sasa ichukue kanuni hiyo uende nayo Pasadena. Mtoto aliyeona ni Nikki. Aliyemuulia mama ni Bibi Harusi. Kwa sheria tuliyoizoea wote, filamu imetuonyesha mwanzo wa kisa cha steringi mwingine, na katika kisa hicho huyu tunayemshangilia ndiye adui.

Na hakuishia hapo. Muda si mrefu Tarantino anatuletea historia ya O-Ren Ishii, jina la kwanza kwenye orodha, na kwa ghafla picha za watu wa kweli zinaachwa, zinaingia picha za kuchorwa. Kazi hiyo ilifanywa na studio ya Kijapani ya Production I.G. O-Ren ana miaka tisa. Amejificha chini ya kitanda huku mkuu wa genge la yakuza, Matsumoto, akiwaua wazazi wake. Upanga unapenya godoro. Damu ya mama inachuruzika na kumdondokea mtoto usoni, naye ameuma midomo asitoe sauti. Miaka miwili baadaye, akiwa na kumi na mmoja, amempata Matsumoto na kumlipa. Akifika ishirini ni miongoni mwa wauaji hodari kabisa duniani.

Hiyo ni filamu kamili ya kisasi, yenye mwanzo, kati na mwisho, imebanwa ndani ya dakika chache. O-Ren ni steringi kwa kila kipimo. Alichofanya baadaye ndicho kinachomfanya awe adui: aliingia kanisani El Paso na wenzake, akashiriki kumtoa damu mwanamke mjamzito. Aliyelala chini ya kitanda sasa ndiye aliyesimama juu ya mtu. Wengi husema mchoro ule uliwekwa kwa ajili ya mbwembwe. Sikubaliani nao. Kifo cha wazazi kimechorwa kwa sababu tunakitazama kwa macho ya mtoto wa miaka tisa, na kwa sababu hakuna mwongozaji mwenye akili timamu angemlaza mtoto halisi chini ya kitanda kile.

Mbegu ya haya yote iko Japani. Mwaka 1973 mwongozaji Toshiya Fujita alitoa filamu iitwayo Lady Snowblood, iliyotokana na hadithi za picha zilizoandikwa na Kazuo Koike na kuchorwa na Kazuo Kamimura. Shujaa wake ni Yuki, aliyeigizwa na Meiko Kaji, mwanamke mwenye kimono cheupe na upanga uliofichwa ndani ya mpini wa mwavuli. Mume na mwana wa kiume wa mama yake Yuki waliuawa na kundi la wahalifu; mama huyo akamuua mmoja wao kwa kisu, akafungwa maisha, na humo gerezani akatafuta mimba kwa kila njia ili azaliwe mtoto atakayemaliza kazi iliyobaki. Akamzaa Yuki usiku wa theluji, akafa. Mtoto hakuulizwa. Alikuja duniani na deni mkononi.

Anayeijua Lady Snowblood anaiona kila mahali ndani ya Kill Bill: masimulizi yaliyogawanywa kwa sura, wahalifu wanaosakwa mmoja mmoja, bustani yenye theluji, hata sauti ya Meiko Kaji mwenyewe akiimba. Lakini kitu kikubwa alichokichukua Tarantino huko hakizungumzwi sana. Miongoni mwa wale anaowaua Yuki ni mzee mmoja mlevi, fukara, ambaye binti yake ndiye tegemeo lake. Mwisho wa filamu, Yuki amemaliza orodha yake na anayumba juu ya theluji akiwa amejeruhiwa, na hapo anatokea binti wa yule mzee na kumchoma kisu. Nikki wa Pasadena ni binti yule, aliyetolewa mwishoni mwa kisa cha kale na kuwekwa mwanzoni mwa kisa kipya. Tarantino amezungumza kwa miaka mingi juu ya kutengeneza sehemu ya tatu, Nikki akiwa mtu mzima. Haijatengenezwa. Sidhani kama inahitajika. Mtazamaji makini ameshaibeba kichwani tangu dakika ile ya jikoni.

Nizungumze kidogo kuhusu mapigano, kwa kuwa bila mapigano haya hakuna filamu, na kwa kuwa yana historia inayostahili heshima.

Sehemu ya kwanza inafunguliwa na nembo ya zamani ya Shaw Brothers, studio ya Hong Kong iliyotoa mamia ya filamu za kung fu. Ile ilikuwa salamu. Kupanga mapigano aliitwa Yuen Woo-ping, fundi aliyekwisha pata jina kwa Drunken Master ya mwaka 1978 na kwa The Matrix. Upande wa panga alikuwepo Sonny Chiba, nguli wa sinema za Kijapani, aliyeigiza pia kama Hattori Hanzo, mfua panga anayeuza sushi Okinawa na aliyeapa kutofua tena chombo cha kuua. Chiba alikuwa amewahi kuigiza mtu mwenye jina hilohilo katika tamthilia ya televisheni ya Japani miaka ya 1980. Suti ya njano yenye mistari myeusi ni ya Bruce Lee, ile aliyoivaa katika picha za Game of Death, filamu aliyoiacha haijakamilika alipofariki Julai 1973.

Pambano kubwa, lile la mgahawa wa Tokyo uitwao House of Blue Leaves, lilipigwa picha Beijing. Lilichukua wiki nane. Damu haikutengenezwa kwa kompyuta. Walitumia mbinu za kale za mifuko na mirija, kama walivyofanya mabwana wa Hong Kong, na ndiyo maana inaruka kwa namna ile isiyo ya kweli, kama kitu cha jukwaani. Katikati ya pambano Bibi Harusi anamnyofoa mtu jicho na rangi zote zinatoweka, picha inakuwa nyeusi na nyeupe. Sababu moja ilikuwa ya kawaida tu: kupunguza wekundu ili filamu isipewe daraja la kuwazuia watazamaji wengi Marekani. Japani waliiona kwa rangi.

Ila mle ndani kuna tukio dogo ambalo mimi nalithamini kuliko miruko yote. Bibi Harusi amekwisha kufyeka jeshi zima la O-Ren, amebakiwa na kijana mmoja mdogo, anatetemeka. Hamuui. Anamchapa matakoni kwa ubapa wa upanga kama mama anayemchapa mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani, na kumfukuza aende kwa mama yake. Ukumbi mzima hucheka hapo. Cheka, ndiyo, lakini angalia mwanamke huyu amefanya nini: kati ya watu wote wale, amemwona mtoto mmoja na mkono wake umejizuia wenyewe.

Uma Thurman hakuwa mpiganaji. Yeye na Tarantino walimbuni Bibi Harusi wakati wanatengeneza Pulp Fiction, iliyotoka mwaka 1994, na jina lao la pamoja, Q na U, limeandikwa kwenye filamu kama wabunifu wa mhusika. Upigaji picha ulipokaribia alipata mimba, na Tarantino akaamua kumngoja. Alianza mazoezi makali akiwa ametoka kujifungua, miezi mitatu ya panga, mateke na lugha ya Kijapani. Katika vitendo vya hatari zaidi nafasi yake ilichukuliwa na Zoë Bell wa New Zealand, mwanamke ambaye mwili wake umo katika picha nyingi tunazomsifia Thurman. Pale Budd, mmoja wa wauaji wa Bill, anapompiga Bibi Harusi kifuani kwa bunduki iliyojazwa chumvi ya mawe na anarushwa nyuma, aliyerushwa ni Bell, naye aliumia.

Thurman naye aliumia, na hili ni lazima lisemwe katika sura inayoisifu kazi yenyewe. Karibu na mwisho wa upigaji picha, huko Mexico, alitakiwa kuendesha gari la wazi kwenye njia ya mchanga. Alisema hana imani na gari lile na akaomba mtu mwingine aliendeshe. Tarantino alimshawishi. Gari lilimshinda, likagonga mnazi, na shingo na magoti yake vikaachwa na madhara ya kudumu. Kwa miaka mingi alidai apewe picha za ajali hiyo bila kuzipata. Alizitoa hadharani mwaka 2018, baada ya Tarantino kumtafutia, naye Tarantino akakiri kwamba tukio lile ni miongoni mwa majuto makubwa ya maisha yake. Filamu inayohusu mwanamke aliyesalitiwa na mtu aliyemwamini ilitengenezwa kwa gharama hiyo. Tangu nijue, siwezi kulitazama gari lile la buluu likikata barabara kuelekea kwa Bill bila kukaza mikono.

Wauaji wa Bill wana majina ya nyoka. O-Ren ni Cottonmouth, mama yake Nikki ni Copperhead, Budd ni Sidewinder, Elle Driver ni California Mountain Snake. Wote hao ni nyoka wa Marekani. Bibi Harusi peke yake amepewa jina kutoka Afrika: Black Mamba. Msomaji wa Kiswahili lazima ajikumbushe hapa, maana mamba wetu ni yule wa mtoni mwenye miguu minne. Anayetajwa na filamu ni koboko. Wala koboko si mweusi. Ngozi yake ni ya kijivu au ya kahawia kama kijiti kikavu, weusi uko ndani ya kinywa, na unaonekana pale tu anapokiachama. Kwa mwanamke aliyekuwa akiuza santuri na mchumba wake Texas, akicheka na mashoga zake, jina lilikuwa limepatikana. Jina hilohilo baadaye mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant alilichukua kutoka kwenye filamu na kujiita nalo uwanjani.

Koboko halisi anaonekana katika sehemu ya pili. Elle Driver, mwenye jicho moja, anamletea Budd mkoba wa fedha, na chini ya noti amemlaza koboko. Budd anaumwa usoni. Wakati sumu inamlemaza, Elle anaketi na kijitabu chake na kumsomea sifa za nyoka huyo wa Afrika, kwa utulivu wa mwalimu anayesomea darasa. Sumu ya koboko hushika mishipa ya fahamu na kuzuia pumzi. Dawa yake ipo, lakini haiko kwenye trela katikati ya jangwa la California. Budd alikuwa amekwisha kusema, siku chache kabla, kwamba yule mwanamke anastahili kisasi chake na wao wanastahili kufa. Katika wote watano yeye peke yake ndiye aliyelitamka hilo, na alilitamka kwa uchovu wa mtu asiyeogopa. Michael Madsen aliigiza uchovu ule kwa namna ambayo haifundishwi shuleni.

Kabla ya kufa Budd alikuwa amemzika Bibi Harusi akiwa hai. Jeneza linapigwa misumari, udongo unamwagwa, skrini inakuwa giza tupu na tunasikia pumzi tu. Hapo ndipo filamu inarudi nyuma hadi China, kwa Pai Mei.

Pai Mei, mzee mkatili mwenye nyusi nyeupe, ni wa zamani kuliko Tarantino. Katika Executioners from Shaolin ya mwaka 1977, Lo Lieh alimwigiza kama mtu asiyeshindika. Baba anakwenda kupigana naye na anauawa. Mtoto aliyebaki, aliyefundishwa mtindo wa korongo na mama yake, anaokota kitabu cha baba cha mtindo wa chui milia kilichoharibika, anachanganya nusu hii na nusu ile, na kwa mchanganyiko huo anamuua Pai Mei. Mtoto huyo aliitwa Hung Wen-ting, na mwaka 1980, katika Clan of the White Lotus, aliyemwigiza alikuwa Gordon Liu, nyota wa The 36th Chamber of Shaolin. Zaidi ya miaka ishirini ikapita, na Tarantino akamvisha Gordon Liu huyohuyo ndevu ndefu nyeupe ili awe Pai Mei. Mtoto mlipa kisasi amezeeka na kuvaa uso wa yule aliyemuua. Sijui mwongozaji mwingine ambaye angetumia uchaguzi wa mwigizaji kusema jambo zito namna hii bila kuongeza hata sentensi moja.

Mafunzo ni yale ya mabandani: ngazi zisizoisha, ndoo za maji, na ubao mnene wa kupigwa ngumi kutoka umbali wa vidole vichache tu, mpaka mkono unavimba na mwanafunzi hawezi kushika vijiti vya kulia wali. Miaka mingi baadaye, chini ya ardhi, umbali kati ya ngumi na kifuniko cha jeneza ni uleule. Anaanza kugonga. Ngozi inachubuka. Ubao unaitika. Mkono unachomoza kaburini usiku, na kisha anavuka barabara akiwa amejaa udongo mwili mzima, anaingia mgahawani na kuomba maji kwa adabu.

Elle anamaliziwa trelani. Pai Mei alimnyofoa jicho kwa utovu wa adabu, naye akamwekea mzee sumu katika vichwa vya samaki alivyovipenda. Bibi Harusi anamnyofoa lililobaki na kumwacha akipigapiga gizani, koboko akiwa bado yumo ndani. Hatuambiwi kama alikufa. Mwishoni, majina ya waliouawa yanapokatwa kwa mistari, lake linawekewa alama ya kuuliza.

Amebaki Bill. David Carradine, aliyekuwa amesahauliwa kidogo tangu enzi za tamthilia ya Kung Fu ya miaka ya 1970, alimpa Bill sauti ya babu anayesimulia hadithi kando ya moto, na hicho ndicho kinachomtisha mtazamaji. Bill alikulia bila baba. Mzee Esteban Vihaio, mwenye danguro huko Mexico, ndiye aliyemlea na kumpeleka sinema akiwa na miaka mitano. Bill alijikusanyia baba kama mtu anayeokota kuni: Esteban, Hanzo, Pai Mei. Naye akawa baba wa wauaji wake wote, na alipokataliwa na mmoja wao akafanya alichokifanya.

Sasa kuna jambo la kuhariri ambalo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kill Bill iliandikwa kama filamu moja. Ilipogawanywa, sehemu ya kwanza ilihitaji mwisho wa kuwarudisha watu, kwa hiyo katika sekunde zake za mwisho Bill anauliza kama yule mwanamke anajua kwamba binti yake yu hai. Sisi tukajua mapema, miezi sita kabla yake. Katika toleo zima, The Whole Bloody Affair, lililoonyeshwa Cannes mwaka 2006 na kufika kwenye majumba ya sinema Marekani Desemba 2025, swali lile limeondolewa. Mtazamaji anatembea na Bibi Harusi akiwa mjinga kama yeye. Nikki anapoonyesha vidole vinne, kwetu pia mtoto yule mwingine amekufa.

Ndipo anapoingia nyumbani kwa Bill usiku, bastola mkononi na upanga mgongoni, akinyatia kutoka mlango hadi mlango kama alivyofundishwa. Anageuka kona. Mbele yake amesimama msichana wa miaka minne na nguo za kulalia, ameshika bastola ya kuchezea, ameielekeza kwake. Bill yuko pembeni, naye na ya kwake ya plastiki. Wanacheza. Bill anamweleza mama kwamba amepigwa risasi, hivyo hana budi kufa.

Na muuaji hodari kuliko wote anadondosha mkono, anapiga magoti, na kufa kwa mchezo sakafuni ili mtoto asiharibikiwe na mchezo wake. Uso wa Thurman katika dakika ile, machozi yakija huku akijitahidi kucheka, ndio uigizaji bora kabisa katika saa zote nne.

Kabla ya kulala, mtoto huyo, aitwaye B.B., anachagua kanda: Shogun Assassin, ya mwaka 1980. Ni kisa cha mnyongaji wa mtawala wa Japani aliyesalitiwa, akamwagiwa damu nyumba yake, akaingia njiani na mtoto wake mdogo kwenye kigari cha mbao. Ilikatwa na kuunganishwa upya kutoka filamu za Lone Wolf and Cub, ambazo hadithi yake ya picha iliandikwa na Kazuo Koike, yuleyule wa Lady Snowblood. Mama na mtoto wanalala kitandani wanaitazama pamoja. Koike aliandika kisa cha binti aliyezaliwa kwa ajili ya kisasi na kisa cha mtoto anayebebwa ndani ya kisasi cha baba, na Tarantino amevikutanisha vyote viwili kwenye godoro moja.

Pambano na Bill halidumu hata dakika moja. Wako kwenye viti, uani, usiku. Upanga wa Bill unanaswa ndani ya ala, vidole vinagonga kifua mara tano, na Bill anauliza kwa nini hakumwambia kwamba Pai Mei alimfundisha pigo lile. Anafuta midomo, anafunga vifungo vya koti, anatembea hatua tano na kuanguka. Baada ya yale mafuriko ya damu ya Tokyo, huyu anakufa safi, na mwanamke aliyemuua analia.

Kwetu mwanamke akishazaa huacha kuitwa jina lake, huitwa Mama Fulani, na mtaa mzima unamjua hivyo. Filamu hii imemtaja mtu wake kwa majina mengi: Black Mamba, Bibi Harusi, Beatrix Kiddo. Katika orodha ya mwisho ya waigizaji, baada ya hayo yote, limeongezwa moja, Mommy. Mama.

Asubuhi inawakuta katika chumba cha hoteli. B.B. ameketi kitandani anatazama katuni. Mama amejifungia msalani, amelala juu ya vigae na mdoli wa manyoya kifuani, analia mpaka analowa, kisha kilio kinageuka kicheko na anashukuru, tena na tena, kwa sauti ndogo ili isipite mlangoni. Anajipangusa, anatoka, anamkumbatia mwanawe mbele ya televisheni. Watoto wawili wa umri mmoja. Mmoja yuko hapa na mama yake, na yule mwingine tulimwacha Pasadena, mlangoni mwa jiko, nafaka zikiwa bado zimemwagika sakafuni.